Jana ya Mama Ejo

Asubuhi moja mteja wangu mmoja mgeni aliingia kwenye chumba changu cha kushonea pale Buzebazeba, Kigoma, akasimama mbele ya cherehani, akasema, "Dada, nimekuja kuchukua gauni. Uliniambia litakuwa tayari kesho."

Nikamwambia gauni la kesho huchukuliwa kesho, aende zake. Hakwenda. Alikohoa kidogo, kikohozi kikavu cha mtu anayeomba ruhusa ya kusema, akaniuliza kwa upole, "Si kesho imeshapita? Kesho nilikuwa sokoni nauza, leo ndiyo nimekuja."

Nilicheka mpaka pini nilizozibana mdomoni zikanidondoka. Halafu nikashtuka, nikajiambia, kumbe huyu ni Mrundi! Kwa Kirundi jana ni *ejo*, na kesho ni *ejo*. Hata kwa Kiha cha bibi yangu mzaa mama ni hivyo hivyo. Ukisema ulikuja *ejo*, mtu anajua ni jana. Ukisema utakuja *ejo*, mtu anajua ni kesho. Kitenzi ndicho kinachobeba siku, lile neno ni la kusindikiza tu. Sasa mtu wa namna hiyo ukimletea Kiswahili chenye maneno mawili, anachukua lolote lililo karibu. Nilimpa gauni lake, lilikuwa tayari tangu jana. Mtaa ukamwita Mama Ejo, na mimi nawaambia wazi kwamba jina hilo nililianzisha mimi, na yeye alilipenda.

Miaka ile Kigoma ilikuwa imejaa watu wanaotafuta watu. Watoto wa siku hizi ukiwaeleza wanadhani unatia chumvi. Watu walivuka ziwa na mitumbwi kutoka Burundi na kutoka Kongo, wakashuka popote upepo ulipowatupa, mume huku, mke kule. Bandarini mbao za matangazo hazikuwa na nafasi ya kubandika hata kipande cha karatasi. Msikitini Ujiji baada ya swala unasikia, jamani, nani amemwona kijana wa namna hii. Kanisani Jumapili, vivyo hivyo. Na mama Mrundi huyu, aliyeolewa na seremala wa Katubuka na kuuza migebuka, samaki wa ziwa letu, sokoni, naye alikuwa na mtu wake. Siku ya kukimbia, pale ufukweni Nyanza-Lac, kwao Burundi, yeye alisukumwa kwenye mtumbwi mmoja na mama yake mzazi kwenye mwingine. Wa kwake ulifika Kigoma. Wa mama yake aliuona ukipotea upande wa kusini. Alizunguka makambi ya Kasulu na Kibondo akiuliza mpaka viatu vikamwishia. Hakuna aliyemwona bibi kizee huyo.

Sasa tuje kwenye redio. Wazo halikuwa langu, lilikuwa la mzee tuliyekuja kumfanya Mwenyekiti wa kamati ya redio. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Tanga. Serikali ilimleta Kigoma akiwa kijana, akaoa hapa, akazeeka hapa, lakini Kiswahili chake hakijawahi kuhama Tanga. Ukimwambia "naendaga," anashika kichwa. Alikuja kwangu na fundi mitambo, mzee wa reli aliyestaafu upande wa simu za stesheni, wakaniambia mji wenye watu wengi waliopoteana namna hii unahitaji redio yake yenyewe, ya kujitolea, ya watu wa hapa. Wanachokosa ni chumba. Nikawauliza, "Na mimi nitashonea wapi?" Mwenyekiti akajibu kwamba cherehani haina kelele sana. Haina kelele! Mtu ambaye hajawahi kushona hata kifungo.

Lakini nilikubali. Nilikubali kwa sababu ya Mama Ejo, aliyekuwa amekaa pale pembeni akisubiri nimpunguzie sketi. Aliposikia neno redio alisimama, akakohoa, akasema, "Na mimi nitasema humo?" Nikamtazama usoni nikajua siwezi kuwafukuza hawa wazee.

Tuligawa chumba kwa pazia. Upande mmoja cherehani, upande mwingine studio. Tulibandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, tukatundika blanketi mlangoni. Hakuna aliyelipwa, chai nilipika mimi. Jogoo wa jirani ndiye aliyetutesa, maana hakujali pazia wala blanketi. Jirani nilimsihi, nikamtishia, mwisho nikamnunua yule jogoo na kumla, na wanakamati wote walikula.

Leseni sasa. Watu wanadhani redio ni mnara na kipaza sauti. Wee! Mamlaka ya utangazaji kule Dar es Salaam ilitaka kujua sisi ni nani, tunataka kusema nini, saa ngapi, mnara utakuwa na urefu gani na utasimama wapi, maana uwanja wa ndege uko Katubuka na hawakutaka rubani akutane na mnara wetu. Tulijibu. Barua ikapanda treni, ikakaa huko Dar, ikarudi na maswali mengine. Tukajibu tena. Kuna siku nilimwambia Mwenyekiti watu hawa wanaulizia redio kama wanaozesha binti. Yeye akanijibu kwa utulivu wake wa kuudhi kwamba ndivyo inavyopaswa. Leo namshukuru kwa utulivu ule. Ningekuwa mimi mwenyekiti ningezichana zile karatasi na kuwashia jiko.

Mwishowe tukapewa kibali cha majaribio. Tutangaze kidogo kidogo, kwa nguvu ndogo, halafu atakuja afisa kusikiliza na kukagua. Akiridhika, leseni. Asiporidhika, tufunge virago. Na humo ndani kulikuwa na sharti moja lililoniuma: matangazo yote yawe kwa Kiswahili. Lugha za makabila haziruhusiwi, Kiha wala Kirundi.

Nilimpelekea habari hiyo Mama Ejo sokoni kwa shingo upande. Mama yake hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Nilidhani atalia. Aliendelea kupanga migebuka yake kwenye sinia, halafu akakohoa, akasema, "Si kitu, dada. Maneno hatayajua. Sauti ataijua. Nikisema lolote, hata bei ya samaki, mama atanijua. Ila niseme mimi. Mtu mwingine akinisemea, hatanijua."

Basi tukamweka kwenye matangazo ya mchana: meli, chanjo, mikutano, waliopotea na waliopatikana. Sauti yake ilikuwa nzuri, nawaambieni, nzito kidogo, ya mtu asiye na haraka. Tatizo ni lile lile. "Mkutano wa wazazi utafanyika jana." "Mvua iliyonyesha kesho imebomoa daraja." Mwenyekiti akisikiliza nyumbani kwake anaweka kikombe chini. Na kile kikohozi cha kila anapoanza kilimkera vilevile, akasema redio si zahanati.

Siku ya kikao, wiki aliyokuwa aje afisa, Mwenyekiti akasema jambo lake. Mama huyu tunampenda sote, lakini siku ya ukaguzi asikaribie kipaza sauti. Afisa akisikia meli itaondoka jana, leseni ndiyo basi. Mimi ndiye nisome badala yake.

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Mwenyekiti, chumba ni changu, umeme ni wangu, jogoo nilimnunua mimi. Huyu akitoka na mimi natoka, na trei za mayai nazibandua." Akasema, "Dada, hasira si hoja." Nikasema, "Hasira si hoja, lakini chumba ni hoja." Fundi mitambo akaangua kicheko, na Mwenyekiti, Mungu amjalie, naye akacheka. Kwa kweli hakuwa mbaya. Aliogopa tu, kama sisi sote. Bila leseni hakuna redio, na bila redio mama wa watu atamtafuta mama yake kwa miguu mpaka azeeke. Mimi na yeye tuliogopa kitu kimoja, kila mtu kwa upande wake.

Tukaafikiana kwamba nimfundishe. Maneno hayakuingia, basi nikafanya kwa mambo yangu ya nguo. Nilikata vipande viwili: cha kaniki, cheusi, nikakiweka mkono wa kushoto wa meza ya studio, cha kitenge cha njano, mkono wa kulia. Nikamwambia, kilichopita kiko huku kwenye cheusi, kinaitwa jana. Kinachokuja kiko huku kwenye njano, kinaitwa kesho. Kabla hujasema, tazama kitambaa. Akaniuliza kwa nini jana nimeipa kaniki. Nikasema kwa sababu jana imekwisha. Akakigusa kile cheusi. "Yangu haijaisha, dada," akasema. Lakini alijifunza, na siku mbili tatu alisoma vizuri kabisa, macho yakienda kushoto na kulia.

Afisa akaja. Kijana mpole wa miwani, lafudhi ya Mbeya, shati limeloa jasho. Alipima mnara, akatazama waya za fundi mitambo, akasifu trei za mayai. Halafu akakaa studio, akavaa hedifoni, akasema tuendelee kama kawaida. Mama Ejo akaingia, akaketi, akatazama meza. Akanitazama mimi.

Meza ilikuwa inang'aa. Mwenyekiti alikuwa amefika alfajiri kufanya usafi kwa ajili ya mgeni, akakuta matambara mawili mezani, akayatupa.

Mama Ejo akakohoa. "Wapenzi wasikilizaji," akasema, "meli ya kwenda kusini itaondoka jana saa kumi jioni. Abiria wawahi bandarini." Nilifumba macho. "Na zoezi la chanjo lililofanyika kesho limekwenda vizuri." Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni chini ya blanketi, uso umemshuka, na nilijua ameshakumbuka matambara. Afisa akavua hedifoni taratibu. Ulipoanza muziki akauliza, "Hivi wasikilizaji wenu wanaelewa saa ngapi waende wapi?"

Nikaropoka, "Nenda ukawaulize." Mwenyekiti alitaka kuzimia. Lakini yule kijana, badala ya kuudhika, aliinuka kweli akatoka nje, na sisi nyuma yake. Pale bombani alikuwepo mama mmoja anakinga maji, karedio kadogo kamening'inia kwenye fimbo ya ua. Afisa akamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu." "Umesikia matangazo? Meli inaondoka lini?"

"Kesho jioni," akasema yule mama bila kuinua macho kwenye ndoo.

"Mbona redio imesema jana?"

Hapo ndipo alipoinua macho, akamkagua kuanzia viatu. "Mwanangu, wewe si wa hapa. Meli *itaondoka* jana, itawezekanaje? Huyo ni Mama Ejo. Akisema itaondoka, ni kesho. Akisema imeondoka, umeachwa. Msikilize vizuri tu, hana shida." Akajitwika ndoo yake akaenda zake. Sijawahi kumshukuru ipasavyo mama yule, na kila nikipita pale bombani namwombea dua.

Afisa alicheka mpaka akafuta miwani. Tuliporudi ndani akataka kujua kwa nini mama huyu hasa ndiye asome. Hatukumjibu sisi, Mama Ejo alimjibu mwenyewe. Alieleza mitumbwi miwili, na mama asiyejua Kiswahili, na sauti. Alieleza kwa jana na kesho zake zile zile zilizochanganyika, na hakuna aliyepotea humo hata kidogo. Kijana aliizungusha kalamu. Halafu akasema, "Sharti linasema Kiswahili. Hiki ni Kiswahili. Kinahitaji tu mtu wa kukinyoosha pembeni." Akanigeukia. "Wewe si fundi nguo? Kunyoosha unajua."

Baada ya masika leseni ikafika. Fundi mitambo aliisoma kwa sauti, Mwenyekiti akairudia kwa Kiswahili kizuri zaidi, na mimi nikalilia kitambaa cha mteja mpaka ikabidi nikifue. Alhamdulillahi. Nguvu ikaongezwa, mnara ukasimama kwenye kilima mbali na ndege, na sauti yetu ikaenda juu ya maji mpaka vijiji vya kusini.

Kazi yangu ikawa hiyo ya kunyoosha. Mama Ejo anasoma, mimi nimekaa karibu na kipaza sauti na pini zangu. Akisema, "Soko litafungwa jana," nadakia, "Kesho!" Akisema, "Mashua iliyozama kesho," nadakia, "Jana!" Tulianza kwa aibu, ikageuka burudani. Watoto barabarani walituigiza, mmoja akiita jana na mwingine akijibu kesho. Sokoni mtu akichelewa kulipa anaambiwa atalipa jana. Mwenyekiti alisema tunaharibu lugha ya taifa, na kila siku saa saba hakukosa kutusikiliza. Ila kila jioni Mama Ejo aliniuliza swali moja tu, kuna mtu ameleta habari? Nami namjibu bado. Miezi ikaenda hivyo, na mimi nikaanza kuogopa ile saa ya jioni.

Habari ililetwa na mtu wa muhogo. Mfanyabiashara wa Ilagala, kijiji cha huko kusini, mtu mnene mwenye sauti ya juu, alisimama mlangoni na gunia begani akauliza hapa ndipo kwa wale wa jana na kesho. Nikamwambia ndipo, atue mzigo. Akaeleza hivi. Nyumbani kwake yupo bibi Mrundi, amekaa nao miaka, anawasaidia shamba na kumenya muhogo, haongei sana kwa kuwa lugha hana. Redio ikiwaka yeye huenda zake jikoni, ya nini kwake? Sasa siku moja watoto wa nyumba walikuwa wanavunjika mbavu kwa kicheko, wakamwita, bibi, bibi, njoo umsikie Mrundi mwenzako anavyokisulubu Kiswahili! Bibi akaja, mikono ina unga wa muhogo. Akasikiliza. Yeye hakucheka. Aliweka kiganja juu ya redio, akasema, "Ni wewe."

Maneno hayo mawili ni yale yale kwa Kirundi, kwa Kiha na kwa Kiswahili. Watoto wote waliyaelewa.

Mama Ejo alikuwa ameshika pazia. Hakuthubutu kuamini, alishadanganywa mara nyingi na watu wenye nia njema. Akakohoa, akauliza kwa sauti ndogo atajuaje kama ndiye. Yule mtu akapiga paji la uso. "Karibu nisahau! Amenituma, jirani yetu Muha akanitafsiria. Amesema huyo mwanamke nimwambie aache kukohoa kabla ya kusema na watu, amemkataza tangu mtoto, hasikii."

Jamani. Alikaa chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa akalia, na mimi nikalia naye, na yule mtu wa muhogo mwenye sauti ya juu akasimama pale akifuta macho kwa gunia. Nawaza mara nyingi jambo hili. Kama tungemwondoa na mimi nikasoma na Kiswahili changu kilichonyooka, watoto wa Ilagala wangemwita bibi kusikia nini? Hakuna anayeita mtu kuja kusikia ratiba ya meli. Nawashukuru wale watoto kwa kicheko chao. Nawashukuru hata kwa neno la kusulubu.

Yule mtu akasema bibi amekwishafunga kibunda, yuko tayari kupanda mashua ya asubuhi. Ilikuwa karibu saa saba. Mama Ejo akanawa uso, akaingia studio, na mimi nikakaa pahali pangu. Mwenyekiti alikuwa ameshafika mbio, maana mtaa ulimwambia. Taa ikawaka. Hakukohoa.

"Wapenzi wasikilizaji," akasema, "mama yangu atafika jana."

Nikafungua mdomo. Mwenyekiti, na Kiswahili chake chote cha Tanga, akanishika mkono.

"Mwache," akaninong'oneza. "Kasema sawa."

Asubuhi yake tuliteremka ufukweni Ujiji. Mashua ilipokaribia tulimwona bibi mdogo mwembamba ameketi mbele kabisa, kibunda magotini, akigeuza kichwa huku na huku, maana macho yalikuwa yamepungua nguvu. Mama Ejo aliingia majini na gauni lake, lile lile nililomshonea, akakohoa, na kabla hajasema neno bibi akaanza kumgombeza kwa Kirundi huku amenyoosha mikono yote miwili. Nilishindwa kutazama, nikageuka nyuma. Ndipo nilipowaona watu. Wanawake wa sokoni na sinia zao, mama wa bombani, wavuvi, watoto wa shule, watu wa Katubuka na wa Buzebazeba, wamejaa mpaka kwenye barabara ya lami. Wote walikuwa wameambiwa jana, na hakuna hata mmoja aliyekosea siku.